Nahau za Kiingereza cha Mazungumzo na Mtego wa Maana ya Kawaida

Nahau ni fungu la maneno ambalo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maana za maneno yanayoliunda. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza Kiingereza, dhana hii si ngeni: asemaye kuwa mzee fulani amekula chumvi nyingi anazungumzia umri, si chakula. Hata hivyo, nahau za Kiingereza cha mazungumzo humtatiza hata aliyeisoma lugha hiyo kwa miaka mingi. Makala haya yanafafanua kuwa zinazopotosha zaidi si zile zinazoonekana ngumu, bali zile zinazoonekana nyepesi.

Tuanze na “kick the bucket”, yaani kufa. Neno kwa neno ni kuipiga ndoo teke. Mwanafunzi akisikia hivyo kuhusu mgonjwa aliyekuwa mahututi, hutambua mara moja kuwa maana hiyo haiwezekani, naye huuliza. Ugumu wenyewe humzindua.

Sivyo ilivyo kwa “Tell me about it”. Kijuujuu ni ombi la kupewa habari. Katika mazungumzo, aghalabu msemaji humaanisha kuwa jambo hilo analijua vyema kwa kuwa limemfika naye pia. Mwandishi wa makala haya aliwahi kumlalamikia mwanafunzi mwenzake kutoka Uingereza kuhusu ugumu wa kuandika tasnifu. Alipojibiwa kwa maneno hayo, aliendelea kueleza kwa dakika kumi. Hakusahihishwa, wala hakujua kuwa amekosea. Vivyo hivyo, “You can say that again” si ruhusa ya kurudia kauli, bali ni kukubaliana nayo kabisa.

Makkai (1972), katika uchambuzi wake wa nahau za Kiingereza, alilizingatia suala hili: nahau yaweza kumpotosha msikilizaji kwa kuwa maana yake ya kawaida nayo inakubalika. Kiswahili kina mfano wake. Mgeni akiambiwa kuwa fulani amevaa miwani, hatauliza lolote, ingawa msemaji amekusudia kuwa mtu huyo amelewa.

Kutokana na hayo, kukariri orodha za nahau hakutoshi. Kwanza, mwanafunzi achunguze iwapo maana ya kawaida inaafiki lengo la mazungumzo: je, mtu anayelijua jambo angeomba aelezwe? Pili, azingatie kiimbo na uso wa msemaji, kwani ombi la kweli huambatana na kusubiri jibu. Tatu, anapotumia kamusi, asitosheke na maana ya kwanza ya kidahizo. Asome pia nahau zilizoorodheshwa chini yake.

Kwa kuhitimisha, mwanafunzi asiyeelewa hupata nafasi ya kuuliza. Anayedhani ameelewa huikosa nafasi hiyo, na ndiye anayehitaji zaidi msaada wa mwalimu.