Kamba ya Mazoezi Nyumbani: Nguvu Hujengwa Miguu Ikiwa Chini

Nguvu za mikono na mgongo hudhihirika katika kazi ndogo za kila siku: kuinua ndoo ya maji, kumbeba mtoto, kujivuta ili kuingia katika daladala, au kujishika pale mguu unapoteleza bafuni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli mikubwa angalau siku 2 kwa wiki, mbali na kutembea au kukimbia. Kwa tabibu, nguvu ya kiganja ina maana ya pekee. Utafiti uliofanyika katika nchi 17 na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kila upungufu wa kilo 5 katika nguvu ya kukamata uliambatana na ongezeko la takriban asilimia 16 la hatari ya kufa katika kipindi cha ufuatiliaji. Hii haina maana kwamba kiganja dhaifu ndicho kinachoua. Kiganja ni kioo cha hali ya mwili mzima.

Kamba nene iliyoning'inizwa ni miongoni mwa vifaa vya gharama nafuu vya kujenga nguvu hizo. Kipande kimoja hufanyisha kazi vidole, vigasha, mabega, msuli mpana wa mgongo na misuli ya tumbo kwa wakati mmoja. Hata hivyo, kamba hiyohiyo huweza kumfikisha mtu wodini. Kuanguka kutoka juu ni miongoni mwa sababu kuu za majeraha ya uti wa mgongo, na jeraha la namna hiyo halihitaji urefu wa mnazi ili litokee.

Kufika juu si kipimo cha afya

Wengi hudhani kwamba faida ya kamba iko kileleni. Historia yapasa kuwatuliza. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1896 mjini Athens, kupanda kamba ya mita 14 kulikuwa shindano rasmi. Kati ya washindani 5, wawili tu ndio waliofika juu. Ikiwa wanamichezo walioteuliwa walishindwa, mgonjwa au mtu anayeanza mazoezi hana sababu ya kuona haya kwa kubaki chini. Sehemu kubwa ya nguvu hupatikana kwa kuvuta kamba huku miguu ikigusa sakafu, ambako mkono ukichoka mtu hukaa tu chini.

Mahali pa kufungia

Swali la kwanza si aina ya kamba, bali ni kitu kitakachoibeba. Mtu wa kilo 70 anayening'inia kwa utulivu huvuta kwa uzito wake huohuo. Akibembea au akijirusha, mvuto huweza kuzidi mara 2 ya uzito huo. Kenchi za paa la bati huwekwa ili kubeba paa, si mwili unaobembea, na mbao za dari hazibebi chochote. Ubao ulioliwa na mchwa huweza kuonekana mzima kwa nje. Ukigongwa, hutoa sauti ya uwazi.

Mahali panapofaa ni boriti ya zege iliyotobolewa na fundi mwenye ujuzi na kutiwa boliti ya chuma, au fremu ya mabomba mazito iliyochomelewa na kuzikwa katika zege. Tawi la mwembe uliokomaa laweza kutumika endapo ni bichi, nene kuliko paja la mtu mzima, halina ufa wala tundu, na kamba imefungwa karibu na shina. Matawi ya mlonge na mpapai hayafai kabisa. Kabla ya mtu yeyote kuitumia kamba, ijaribiwe kwa kuning'iniza mifuko ya mchanga yenye uzito mara 2 wa ule wa mtumiaji, watu wote wakiwa mbali.

Kamba yenyewe

Unene uliozoeleka ni takriban milimita 38. Kamba nyembamba hukata viganja na ni vigumu kuikamata. Kamba ya mkonge hupatikana kwa urahisi na haitelezi, lakini huoza ikilowa. Isiachwe nje wakati wa mvua. Kamba ya nailoni hustahimili unyevu, ila huteleza mkononi wenye jasho. Fundo hupunguza nguvu ya kamba, wakati mwingine hadi nusu, na msuguano dhidi ya zege au tawi huila polepole. Kwa hiyo sehemu ya juu ikaguliwe kila wiki; kamba yenye nyuzi zilizokatika, doa la ukungu au sehemu iliyonywea iondolewe.

Kwa mazoezi ya nyumbani, urefu wa mita 3 watosha. Ncha ya chini iachwe bila kitanzi, na baada ya mazoezi kamba ikunjwe na kufungwa juu, mahali ambapo mtoto hafiki, kwa sababu kamba inayoning'inia huweza kumnyonga. Godoro chini yake hupunguza kishindo, lakini halizuii shingo kuvunjika.

Hatua za mazoezi

Hatua ya kwanza, mtu husimama, hukamata kamba usawa wa kifua, huegemea nyuma huku visigino vikiwa imara, kisha hujivuta hadi kifua kikaribie mikono. Marudio 8 hadi 12, mizunguko 2 au 3, yatosha. Hatua ya pili, huketi sakafuni na kupanda kwa mikono hadi kusimama, kisha hushuka taratibu mkono kwa mkono. Hatua ya tatu, huning'inia kwa sekunde 5 hadi 10, nyayo zikiwa karibu na sakafu. Anayezimudu zote kwa wiki kadhaa bila maumivu ndiye anayeweza kujifunza kupanda, akiibana kamba kati ya nyayo ili mapaja yabebe mzigo, kama mkwezi anavyotegemea miguu yake.

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Nguvu ya kushuka ibakizwe; anayeporomoka kwenye kamba huchunika viganja na mapaja. Kati ya siku moja ya mazoezi na nyingine iwepo siku ya mapumziko, kwa kuwa kano hukomaa polepole kuliko misuli. Maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko ni ishara kwamba mwendo umekuwa wa haraka mno.

Wanaopaswa kumwona mtoa huduma kwanza

Kukaza misuli huku pumzi imezuiwa hupandisha shinikizo la damu ghafla. Hivyo mtu hutoa pumzi anapovuta. Mwenye shinikizo linalozidi 180/110 asifanye zoezi hili hadi lidhibitiwe. Vivyo hivyo, mwenye kisukari kilichoathiri retina, kifafa, ngiri, mifupa iliyopungua uimara, bega lililowahi kuteguka, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, apate ushauri kabla ya kuanza. Mjamzito asining'inie wala kupanda.

Mtoa huduma anayemshauri mgonjwa asiishie kuuliza kama anafanya mazoezi. Aulize kamba imefungwa wapi, nani aliifunga, na kama kuna watoto nyumbani.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu, ganzi mkononi au sauti ya kukatika begani humtaka mtu aache mara moja na kwenda kituo cha afya. Mkojo wa rangi ya chai nyeusi siku moja au mbili baada ya mazoezi mazito ni dalili kwamba misuli imeharibika na figo zimo hatarini. Huo haungoji kesho. Aliyeanguka akalalamikia shingo, mgongo au miguu isiyo na hisia, asiinuliwe kwa mikono wala kuketishwa. Kichwa na shingo vishikwe vikiwa vimetulia, na ahamishwe na watu kadhaa kwa pamoja, mwili ukiwa umenyooka juu ya ubao. Dakika hizo za utulivu huweza kuamua kama atatembea tena.