Wati 3000 za boksi zisikuzuge!

Haya, wale wenye mikoko na wale ambao wa kwao bado uko njiani unakuja na meli, sogeeni hapa. Wiki hii tunaongea muziki wa garini, na hasa lile dude la chuma linalofichwa chini ya kiti au kwenye buti: amplifaya. Ndilo linalowaliza vijana wengi wa mjini. Spika unaweza kuisikiliza dukani, ukaipenda au ukaikataa hapo hapo. Amplifaya unainunua kwa maandishi ya kwenye boksi, na boksi halina mdomo wa kuapa.

Ingia duka lolote la vifaa vya magari pale Kariakoo. Boksi limechorwa radi na moto, limeandikwa wati 3000 kwa herufi za dhahabu. Muuzaji keshakusoma kuanzia kwenye raba.

"Kaka, hii ni kiboko. Ukifunga hii, uko Magomeni wenzako wa Ubungo wanajua unakuja."

"Kweli ni wati elfu tatu?"

"Si unaona imeandikwa, bosi wangu? Mimi nikudanganye ili iweje?"

Usibishane naye. Igeuze tu hiyo amplifaya upande wa nyaya utazame fyuzi zake. Tuseme umekuta fyuzi moja, ampea 30. Gari likiwa linaunguruma, umeme wake ni kama volti 14. Zidisha: 14 mara 30 ni wati 420. Hizo ndizo zinazoingia, na katika hizo nyingine zinapotea kwa joto. Amplifaya za daraja AB, ambazo ni za mtindo wa siku nyingi, zinarudisha kama nusu au zaidi kidogo, kwa hiyo kwenye spika unapata wati 200 na ushee. Za daraja D zina ubahili mzuri wa umeme, zinafika kama asilimia 80, nazo kwa fyuzi hiyo hiyo zitakupa kama 330. Sasa niambie, hizo elfu tatu zimepitia mlango gani? Ili zitoke kweli kwenye daraja D zinahitaji zaidi ya ampea 250, na huo ni waya mnene kama kidole gumba.

Hesabu ya fyuzi ni ya kukadiria tu, mnielewe. Muziki haukai juu muda wote, na fyuzi inavumilia mshtuko wa sekunde moja. Tena zile amplifaya kubwa kabisa hazina fyuzi ubavuni, inafungwa nje. Lakini kwa hizi za kawaida za mjini, fyuzi inasema ukweli kuliko boksi.

Ujanja wa boksi uko hivi: wanachukua nguvu ya nukta moja, ile ya kupiga chafya, wanajumlisha chaneli zote, wanapima sauti ikiwa imeshapasuka. Wewe tafuta herufi tatu tu, RMS. Hizo ndizo wati ambazo amplifaya inazitoa mfululizo bila kuhema. Halafu angalia zimepimwa kwenye omu ngapi. Mwezi Mei 2003 chama cha watengenezaji wa vifaa vya elektroniki cha Marekani kilitoa kipimo kinachoitwa CEA-2006, ambacho siku hizi ni CTA-2006: volti 14.4, omu 4, na uchafu wa sauti usiozidi asilimia 1. Ukiona alama hiyo na siyo ya kughushi, ujue namba zilizoandikwa hapo zina mwenyewe.

Kichekesho ni kwamba kuna wakati uongo ulikwenda upande wa pili. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mashindano ya muziki wa magari yalipanga washiriki kwa wati zilizoandikwa kwenye amplifaya. Wajanja wakaleta amplifaya zilizoandikwa vijiwati 25 kwa chaneli, kama ile Orion 225 HCCA iliyovuma sana, ukizifunga kwa omu ndogo zinatoa mara nyingi zaidi ya hizo. Mtu anaingia kundi la watoto na dubwana ndani ya buti. Kwa hiyo kusoma maandishi peke yake kumeshawaponza wengi, hata huko yanakotoka.

Sasa wewe unahitaji wati ngapi? Hapa ndipo vijana wanapotupa mkwanja. Redio iliyoandikwa 50 mara 4 kwa kweli inatoa kama wati 20 tu kwa kila spika. Ukinunua amplifaya ya wati 40 utasikia tofauti ndogo sana, maana kuongeza nguvu mara mbili kunaleta desibeli 3 tu. Ili sikio lako liseme sauti imekuwa mara mbili, nguvu inatakiwa iongezeke kama mara kumi. Ndiyo maana mwenye wati 300 na mwenye wati 400 wakishindana pale Coco Beach, wanashindana mdomo tu.

Kwa gari dogo la kutembelea, Vitz au IST, mimi nasema chaneli nne zenye wati 50 hadi 75 RMS kila moja zinakutosha milangoni. Kama unataka besi ya kutingisha mgongo, ongeza amplifaya ya chaneli moja ya daraja D, RMS 250 hadi 300, kwa sabufa moja ya inchi 10 au 12 iliyofungwa kwenye sanduku la mbao zito. Sanduku lenyewe msilidharau. Sabufa nzuri kwenye sanduku la hovyo inalia kama debe, hata ikisukumwa na amplifaya ya aina gani.

Suala la omu ndilo mafundi wengi wanalirukia. Spika za milangoni mara nyingi ni omu 4. Ukifunga mbili kwa pamoja kwenye chaneli moja, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, amplifaya inaona omu 2. Ukizifunga kwa kufuatana, inaona 8. Omu zikishuka amplifaya inatoa nguvu nyingi zaidi, na joto nalo linapanda. Kuna sabufa zenye koili mbili za omu 4. Hizo unaweza kuzifanya 2 au 8 kwa namna unavyounganisha. Kabla hujalipa, geuza kitabu cha amplifaya usome inavumilia omu ngapi. Ya chaneli mbili ukiziunganisha kuwa moja, nyingi haziruhusu kushuka chini ya omu 4. Fundi akikufungia omu 1 hapo, ukikanyaga sauti tu taa nyekundu inawaka, muziki unakata, na wewe unaanza kusema amplifaya ni kimeo. Masikini, haina kosa, imejilinda.

Tena msidhani amplifaya ndogo ndiyo salama kwa spika. Twita nyingi zinaungua kwa sababu ya amplifaya dhaifu iliyolazimishwa. Kile kiskurubu kilichoandikwa GAIN si cha kuongeza sauti, ni cha kulinganisha umeme unaotoka redioni na unaoingia kwenye amplifaya. Fundi wa haraka haraka anakikaza mpaka mwisho ili ukisikia udundo wa kwanza utoe hela. Kuanzia hapo mawimbi yanakatwa vichwa, sauti inakwaruza, na koili ya twita inachemka mpaka inakatika. Kiwashe taratibu: redio ipeleke kwenye robo tatu ya sauti, kisha kaza kiskurubu mpaka usikie mkwaruzo wa kwanza, halafu rudisha nyuma kidogo.

Kwa wenye magari ya Japan kuna kizingiti kingine. Redio iliyokuja na gari ilitengenezwa kwa FM ya kwao, ambayo kwa miaka mingi iliishia 90, wakati stesheni zetu zinapanda mpaka 108. Nyingi pia hazina matundu ya RCA ya kutolea muziki kwenda kwenye amplifaya. Basi una njia mbili: ununue redio nyingine, au utafute amplifaya inayokubali waya wa spika moja kwa moja. Dada zangu mnaopenda dashibodi ibaki kama ilivyotoka kiwandani, hiyo ya pili ni yenu, na wezi nao hawatapata cha kutamani.

Tuje kwenye waya, maana hapa si mchezo tena, hapa gari linaungua. Waya mkubwa unaotoka kwenye betri hadi kwenye buti unabeba umeme wa kuchomelea vyuma. Ukichubuka na kugusa bodi, bila fyuzi karibu na betri, hakuna kitu cha kuuzuia. Unageuka mwekundu chini ya zulia na wewe uko ndani. Fyuzi ya ubavuni mwa amplifaya haikusaidii hapo, kwa sababu moto unaanzia njiani. Kwa hiyo fyuzi ya pili lazima ikae kwenye injini, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye betri, na pale waya unapopenya bati kuingia ndani uwekewe mpira. Fundi akikwambia "hiyo siyo lazima, mzee, nimefunga gari nyingi", mwambie na hii ya kwako aiache kama ilivyo.

Waya wenyewe nao una feki. Unaouzwa kwa bei poa mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu, na alumini inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, umeingizwa mjini. Mweupe nje na mwekundu ndani ni shaba iliyopakwa bati, hiyo haina neno. Waya wa hasi uwe mnene sawa na wa chanya, mfupi, na rangi ya bodi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae. Wengi wanaolalamika kwamba muziki unapiga mluzi wakikanyaga mafuta, tatizo lao liko hapo.

Taa zikififia kila besi inapogonga, alteneta inalalamika. Za magari madogo nyingi ni kati ya ampea 60 na 100, na humo humo kuna kiyoyozi, feni na taa. Yule anayekuuzia kapasita la kung'aa ili "liongeze umeme" anakutania. Kapasita linahifadhi kidogo na kurudisha kidogo, halizalishi kitu. Na gari likiwa limezimwa nje ya baa, betri ya ampea-saa 45 inayonyonywa ampea 15 haifiki saa tatu. Kabla ya hapo starta imeshagoma, na wale mliokuwa mkiwarusha roho ndio mtakaowaomba wasukume.

Siku ya kufunga usiondoke gereji kwa wimbo mmoja. Mwambie fundi aache injini inaunguruma, muziki juu, dakika 20. Kisha pitisha mkono kwenye waya mkubwa, kwenye nyumba ya fyuzi na kwenye kifungo cha hasi. Amplifaya yenyewe kupata joto ni kawaida. Waya ukiwa wa moto, funguo usichukue.