UVIMBE WA UBONGO: DALILI ZAKE, TIBA YAKE NA WAJIBU WA CHAMA KWA MWANACHAMA MGONJWA

Katibu wa chama cha msingi ni mmoja wa watu wachache kijijini wanaoweza kutambua mabadiliko ya mwanachama hata kabla ya jamaa zake. Msimu baada ya msimu humwona akileta mazao yake ghalani, akihesabu malipo yake na kutia sahihi katika daftari lile lile. Sahihi iliyokuwa imenyooka kwa miaka kumi ikianza kupindapinda, mkono uliozoea kalamu ukianza kuiangusha, au mtu mpole akianza kugomba bila sababu, watu husema upesi kuwa ni ulevi, uzee au kurogwa. Pengine hakuna ugonjwa mkubwa. Lakini pengine chanzo ni uvimbe unaokua ndani ya fuvu la kichwa, na kila mwezi unaopotea katika kubahatisha humpunguzia mgonjwa nafasi ya kupona au ya kuishi akiwa na nguvu zake.

Ugonjwa huu ni nadra kuliko saratani ya shingo ya kizazi au ya matiti. Hata hivyo, ukiingia katika nyumba hugusa mambo yote ambayo chama husimamia: kazi ya shamba, mikopo, amana, hisa na imani ya watu. Kwa hiyo yafaa viongozi na wanachama waufahamu.

UVIMBE WA UBONGO NI NINI?

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Chembe zilizochakaa hufa na mpya huzaliwa kwa utaratibu. Inapotokea kwamba kundi la chembe limeacha kufuata utaratibu huo na kuzaliana ovyo, hufanyika uvimbe.

Uvimbe katika mkono au tumbo hupata nafasi ya kutanuka. Ubongo haupati nafasi hiyo. Fuvu la mtu mzima ni mfano wa ghala lenye kuta za mawe: likisha kujaa, kila gunia linaloongezwa hubana yaliyomo. Ndiyo sababu hata uvimbe usio wa saratani waweza kudhuru, au hata kuua, ukiota mahali pabaya.

Uvimbe wa ubongo umegawanyika katika mafungu mawili makubwa. Fungu la kwanza ni ule unaoanzia ndani ya kichwa chenyewe. La pili ni ule unaoletwa na damu kutoka saratani ya sehemu nyingine, kama vile mapafu au matiti. Kwa watu wazima, huu wa pili ndio hutokea zaidi.

Katika fungu la kwanza, unaoonekana zaidi huitwa meninjioma. Huota katika ngozi nyembamba zinazoufunika ubongo, huwapata wanawake kuliko wanaume, na mara nyingi hukua polepole wala si saratani. Mwingine ni glioma, unaotokana na chembe zinazoitegemeza mishipa ya fahamu. Glioma iliyo kali kuliko zote huitwa glioblastoma. Shirika la Afya Duniani limeupanga uvimbe huu kwa madaraja kuanzia 1 hadi 4. Daraja la 1 ndilo la upole, na la 4 ndilo la ukali mkubwa.

SI KILA UVIMBE NI SARATANI

Yafaa ieleweke pia kwamba yako maradhi mengine yanayofanana na uvimbe huu. Katika sehemu ambako nguruwe huachwa wakizurura na vyoo ni haba, mtu aweza kumeza mayai ya tegu wa nguruwe kwa mboga, maji au mikono iliyochafuliwa na kinyesi cha mtu mwenye tegu. Mayai hayo huanguliwa, na vijidudu vyake husafiri hadi ubongoni na kujenga vifuko vinavyoleta kifafa. Kifua kikuu nacho chaweza kujenga vivimbe ndani ya ubongo. Maradhi haya yana dawa. Basi mwenye kumwambia mgonjwa "hiyo ni saratani, rudi nyumbani ukasubiri" kabla ya vipimo, amemhukumu bila kusikiliza shauri.

DALILI ZA KUANGALIWA

Dalili hutegemea ukubwa wa uvimbe na mahali ulipo. Zifuatazo ndizo kubwa:

(a) Kuumwa kichwa kusikokuwa kwa kawaida, hasa alfajiri mtu anapoamka, na kunakozidi wiki hata wiki.

(b) Kutapika, hususan asubuhi, pasipo ugonjwa wa tumbo.

(c) Kifafa kinachoanza ukubwani kwa mtu ambaye hakuwa nacho.

(d) Udhaifu au ganzi ya mkono na mguu wa upande mmoja.

(e) Macho kuona mbilimbili au kupoteza sehemu ya uoni.

(f) Kushindwa kupata maneno, au kusema maneno yasiyofuatana.

(g) Kubadilika kwa tabia, kusahau, na kushindwa hesabu zilizokuwa rahisi.

Watu wengi wanaoumwa kichwa hawana uvimbe wowote, kwa hiyo hakuna haja ya hofu. Lakini mtu aliyetibiwa malaria mara ya pili na ya tatu, na kichwa kingali kinamuuma, hapaswi kupewa dozi ya nne bila kuchunguzwa zaidi. Aombe barua ya rufaa. Kifafa cha ukubwani na udhaifu wa upande mmoja ni mambo ya kupelekwa hospitali bila kuchelewa.

CHANZO CHAKE

Kwa wagonjwa walio wengi chanzo hakijulikani. Mionzi mikali iliyopigwa kichwani zamani yaweza kuuleta, na koo chache hurithi hitilafu inayouzaa. Kuhusu simu za mkononi, mapitio ya tafiti yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani na kutolewa mwaka 2024 hayakuona kuwa zinaleta saratani ya ubongo.

Ugonjwa huu hauambukizi. Kula pamoja na mgonjwa au kugusa mate yake wakati wa kifafa hakuwezi kumpa mtu uvimbe wala kifafa. Wala haufai kutafutiwa mchawi. Usemi wa kwamba kinga ni bora kuliko tiba una kweli kubwa kwa malaria na kipindupindu; kwa uvimbe huu kinga haijapatikana, na kwa hiyo silaha iliyopo ni kuwahi.

JINSI UNAVYOGUNDULIWA

Tarehe 25 Novemba 1884, daktari Rickman Godlee alifungua fuvu la mkulima kijana mjini London na kuutoa uvimbe uliokuwamo. Hapakuwa na picha ya aina yoyote. Tabibu Hughes Bennett alikisia mahali ulipo kwa kuangalia tu jinsi viungo vya mgonjwa vilivyodhoofika. Uvimbe ulikutwa pale pale, ingawa mgonjwa alifariki mnamo mwezi mmoja baadaye kwa sababu kidonda kiliingiwa na vijidudu.

Picha ya kawaida ya eksirei huonyesha mifupa, si ubongo. Mabadiliko makubwa yalikuja tarehe 1 Oktoba 1971, wakati mashine ya CT iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield ilipotumiwa kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa, mwanamke aliyedhaniwa kuwa na uvimbe wa ubongo, katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Mwaka 1979 Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini. Siku hizi iko pia mashine ya MRI, inayotumia sumaku na kuonyesha ubongo kwa uwazi zaidi. Baada ya picha, kipande cha uvimbe huchukuliwa na kuchunguzwa kwa hadubini ili aina na daraja lake vijulikane.

Nchini Tanzania mgonjwa huanza zahanati au kituo cha afya, akapelekwa hospitali ya wilaya, ya mkoa na ya kanda. Upasuaji wa ubongo hufanywa katika Taasisi ya MOI iliyoko Muhimbili, na tiba ya mionzi hutolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na katika Hospitali ya Bugando, Mwanza.

TIBA

Tiba ya kwanza ni upasuaji. Meninjioma iliyotolewa yote mara nyingi hairudi, na mgonjwa hurejea shambani kwake. Glioma kali huwa na mizizi iliyopenya ndani ya ubongo mzima, kwa hiyo daktari hutoa kiasi kinachowezekana pasipo kuharibu usemi au nguvu za mgonjwa.

Tiba ya pili ni mionzi. Kwa glioblastoma hutolewa kwa kawaida siku tano kila juma kwa majuma sita. Hapa ndipo wengi hukwama, kwani majuma sita mjini yana gharama ya nauli, chakula na malazi ya watu wawili, mgonjwa na mwuguzi wake.

Tiba ya tatu ni dawa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba wagonjwa wa glioblastoma waliopewa mionzi peke yake, nusu yao walikuwa wamefariki ifikapo miezi 12. Waliopewa mionzi pamoja na dawa ya temozolomaidi, walifikia miezi 14 na nusu. Baada ya miaka miwili, waliokuwa hai ni 10 katika kila 100 kwa kundi la kwanza, na 26 katika kila 100 kwa kundi la pili. Hesabu hizi ni ndogo, lakini ni za kweli, na jamaa wanayo haki ya kuzijua kabla ya kuuza shamba lote.

Kadhalika ziko dawa za kupunguza kuvimba, kama deksamethasoni, na dawa za kuzuia kifafa. Dawa hizi zisikatizwe ghafla bila amri ya daktari, hata mgonjwa akijiona mzima.

KUISHI NA UGONJWA HUU NYUMBANI

Mgonjwa huchoka upesi, husahau, na pengine hukasirika kwa jambo dogo. Jamaa wajue kwamba hasira hiyo ni ya ugonjwa. Maneno yawe mafupi, na jambo moja liagizwe kwa wakati mmoja. Mwenye kifafa asipande mnazi wala mti wowote, asiendeshe gari, pikipiki wala mashine ya kukoboa, asiogelee wala kuvuka mto peke yake, na asikae karibu na moto wa wazi.

Kifafa kikimshika, alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe karibu naye, na nguo za shingoni zilegezwe. Asitiwe kijiko wala kitu chochote kinywani. Kikizidi dakika tano, au kikirudia kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali mara moja.

Tiba ikishindwa, uangalizi hauishi. Iko huduma inayoitwa tiba shufaa, ambayo kazi yake ni kuondoa maumivu, kutapika na wasiwasi, na kuwasaidia jamaa. Mofini ya kunywa, ikitolewa na daktari kwa kipimo, ni dawa halali ya maumivu makali ya saratani. Mgonjwa asiachwe alie usiku kucha kwa kuogopa jina la dawa.

WAJIBU WA CHAMA

Kwanza, mambo ya maandishi yafanywe mapema, mgonjwa angali na akili timamu na mkono wa kutia sahihi. Athibitishe mteule wake katika daftari la wanachama, na aandike mbele ya mashahidi ni nani atapokea malipo ya mazao yake. Mashauri mengi yanayowapeleka wajane na yatima mahakamani huzaliwa na mistari iliyoachwa tupu.

Pili, mwenye mkopo aje kwenye kamati kabla ya kushindwa kulipa, ili marejesho yapangwe upya kwa mujibu wa masharti ya chama, na katibu aangalie kama mkopo huo umekatiwa bima.

Tatu, michango ya wanachama iandikiwe stakabadhi na kitabu chake. Fedha za hisa na akiba za wenzake zisiguswe kwa huruma; msaada kutoka mfuko wa chama utolewe kwa uamuzi halali wa mkutano. Lakini siku moja ya palizi ya wanachama 20 haihitaji kura, na yaweza kuokoa msimu mzima wa nyumba moja.

Nne, uchukuliwe mfano wa mtunza hazina mwaminifu ambaye hesabu zake zimeanza kuharibika. Kamati haina budi kukagua vitabu, kuhesabu fedha na kukabidhi funguo kwa mtu mwingine kwa orodha iliyotiwa sahihi, kwa sababu mali ni ya wanachama wote. Lakini kama mtu huyo pia anaumwa kichwa alfajiri, anasahau majina au anaburura mguu, apelekwe kwa daktari wakati ule ule ukaguzi unapoendelea. Ukaguzi utasema kama fedha imepungua. Hauwezi kusema ni kwa nini. Mtu aliyeitwa mwizi mbele ya kijiji, kisha akaonekana kuwa alikuwa mgonjwa, harudishiwi heshima yake kwa barua ya kuomba radhi.

Tano, siri ya mgonjwa itunzwe. Katibu aliyeonyeshwa cheti cha daktari amekionyeshwa kwa kazi ya chama, si kwa mazungumzo ya kilabuni.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Maradhi haya hayafichiki kwa muda mrefu, na anayeyasema mapema ndiye anayepata njia zaidi za kuchagua. Makatibu wanaombwa kuusoma ukurasa huu katika mkutano mkuu ujao, kubandika orodha ya dalili kwenye ubao wa matangazo, na kuhakikisha kwamba jina la mteule wa kila mwanachama limejazwa daftarini kabla ya mazao ya msimu huu kuanza kupokelewa.