Kuwafundisha Wanafunzi wa Biashara Mwanzo wa Kalkulasi

Mwanafunzi wa biashara aingiapo katika somo la kalkulasi, aghalabu huwa na woga. Mwalimu naye, kwa kutaka kumwondolea woga huo, humpa kanuni fupi: kipeo kishushwe kiwe kizidisho, kisha kipunguzwe moja. Mimi pia nimefundisha hivyo. Wanafunzi walipata majibu sahihi, lakini nilipowauliza jibu lao lamwambia nini mwenye karakana, darasa zima lilinyamaza. Kimya hicho kilinifanya nibadili mpango wa somo.

Yafaa tuanze na biashara yenyewe. Tuchukue karakana ya seremala itengenezayo meza m kwa mwezi. Gharama yake, kwa maelfu ya shilingi, ni G = m² + 20m + 400. Hapo 400 ni pango na malipo mengine yasiyobadilika. 20m ni mbao na misumari. M² ni mzigo unaokua kwa sababu ya kazi ya saa za ziada na mashine kuelemewa.

Wanafunzi wakokotoe gharama ya meza 30. Watapata shilingi 1,900,000, yaani wastani wa shilingi 63,333 hivi kwa kila meza. Kisha waulizwe: akitokea mteja anayetaka meza ya 31 kwa shilingi 70,000, auziwe? Wengi watajibu ndiyo, kwa kuwa bei hiyo imezidi wastani. Sasa wakokotoe gharama ya meza 31: ni shilingi 1,981,000. Meza ile moja imegharimu 81,000, na seremala amepata hasara ya 11,000. Mwanafunzi aliyekosea hapa hatasahau tofauti kati ya gharama ya wastani na gharama ya nyongeza.

Baada ya hapo ndipo tuingie katika kalkulasi. Toka meza 30 hadi 34, kila meza ya nyongeza hugharimu wastani wa 84,000. Hadi 32, ni 82,000. Hadi 31, ni 81,000. Kwa jumla, nyongeza ikiwa h, jibu ni 80 + h, kwa maelfu. Kadiri h inavyokaribia sifuri, jibu hukaribia 80. Sasa kanuni itolewe: 2m + 20, na m ikiwa 30, jibu ni 80 lile lile.

Yuko atakayeuliza kama nusu ya meza huuzwa. Asikemewe. Aelezwe kwamba 80 ni makadirio ya 81, na kwamba makadirio hayo hupatikana upesi bila kukokotoa gharama mbili.

Mwisho, bei ikiwa shilingi 100,000, seremala aongeze meza hadi wapi? Hadi 2m + 20 ifikie 100, yaani meza 40. Wanafunzi wahakikishe: faida ya meza 40 ni 1,200,000, ya 39 au 41 ni 1,199,000.

Alfred Marshall, katika kitabu chake cha uchumi cha mwaka 1890, aliziweka hesabu za namna hii katika tanbihi na kiambatisho, akatanguliza maelezo. Nasi walimu hatuna budi kutanguliza maana, kanuni ifuate. Mwanafunzi atakayeisahau kanuni ataweza kuitafuta tena; asiyeijua maana atauza meza ya 31 kwa hasara.