Homa na Mguu Usiokanyaga: Usaha wa Mifupa kwa Watoto

Mtoto huanguka mchezoni, na kesho yake huamka ana homa, hataki kukanyaga chini. Wazee husema ameteguka, akaitwa mchuaji na mafuta yake. Twawaomba wasomaji wetu, hasa walimu ambao huwaona watoto kila siku, waliangalie sana jambo hili, kwa maana kuteguka peke yake hakuleti homa.

Vijidudu huingia katika damu, pengine kwa njia ya kidonda au jipu dogo lililokwisha sahauliwa. Damu huvipeleka kwenye ncha za mifupa mirefu, mahali mfupa unapokulia, hasa karibu na goti. Usaha ukifanyika ndani ya mfupa hauna pa kutokea. Huibana mishipa ya damu, na kipande cha mfupa hufa. Ukiwa ndani ya kiungo, kama nyonga au goti, huharibu gegedu, yaani ule utando mgumu, laini, unaofunika ncha za mifupa. Siku chache zatosha kumfanya mtoto kiwete maisha yake yote.

Mganga hutambuaje? Hubonyeza mfupa kwa kidole, akitafuta mahali pamoja panapouma kuliko pengine. Kiungo chenye usaha mtoto hakubali kikunjwe wala kinyoshwe. Mtoto mchanga hawezi kusema, na pengine hana homa. Dalili yake ni kuulaza mkono au mguu mmoja kana kwamba umepooza, na kulia anapovishwa nguo. Kisha damu hupimwa, na usaha huvutwa kwa sindano ili vijidudu vijulikane.

Wako wazazi ambao, wakisikia kuwa picha ya eksirei haikuonyesha kitu, hurudi nyumbani kwa furaha. Wasitulie upesi hivyo. Katika siku 10 za kwanza, au zaidi, mfupa mgonjwa huweza kuonekana mzima kabisa katika picha. Kwa hiyo mganga hodari huamini homa na maumivu kuliko picha. Mwenye ugonjwa wa selimundu ana hatari zaidi, naye amezoea kuumwa mifupa, hata watu wa nyumbani wasishtuke. Mganga aambiwe habari hiyo mapema.

Mguu wenyewe usichuliwe wala usichanjwe. Ufungwe na ubao ili utulie, na mtoto apelekwe hospitali siku ile ile. Dawa huchukua majuma kadhaa, wala isiachwe kwa sababu homa imeshuka.