Bomba Linalovuja Nyumbani

Nyumba za Kaloleni zilijengwa katika miaka ya 1940, na zile za Ofafa katika miaka ya 1950. Bomba la chuma, hata likipakwa zinki, haliishi milele. Kutu hulila kutoka ndani, na mara nyingi tundu la kwanza hutokea penye hesi, kwa kuwa hapo ndipo chuma kilipochongwa kikawa chembamba.

Wengi huliona tone na kulidharau. Bomba lidondoshalo tone moja kila sekunde hujaza debe la lita 20 kwa muda wa siku tano hivi. Likitiririka kiasi cha kujaza bilauri ya robo lita kila dakika, hupotea madebe 18 kwa siku moja. Walakini hasara hiyo ni ndogo kuliko hatari iliyopo. Mitaa mingi ya Nairobi hupata maji kwa zamu, na siku ambayo bomba ni tupu hakuna nguvu ya kusukuma maji nje. Basi tundu lile lile huweza kunyonya maji machafu ya mtaro ulio karibu. Hivyo ndivyo kipindupindu na homa ya matumbo zinavyoweza kuingia katika bilauri ya mtoto.

Asiyejua kama bomba lake lavuja chini ya ardhi, na afunge mifereji yote usiku, aandike tarakimu za mita, kisha azitazame alfajiri kabla mtu hajateka maji. Zikiwa zimesogea, maji yanapotea.

Fundi hufunga kwanza koki iliyo karibu na mita, akafungua mfereji wa chini kabisa ili bomba likauke. Mpira wa tyubu ya baiskeli uliokazwa kwa waya huzuia maji kwa siku chache tu. Vitambaa havizuii kitu. Dawa yenyewe ni kukata kipande kilichooza kwa msumeno wa chuma, kuchonga hesi mpya, na kutia kipande kingine kwa soketi na yunioni. Yunioni haina budi kuwapo, kwani bomba lililoshikwa pande zote mbili ukilikaza upande huu walilegeza upande wa pili. Katani huzungushwa kwa kufuata mkazo wa hesi. Ikizungushwa kinyume hufumuka.

Koki na ifunguliwe polepole. Maji ya kwanza huwa mekundu kwa kutu, nayo yafaa chooni tu. Ya kunywa yachemshwe. Tundu likiwa upande wa barabarani, kabla ya mita, kazi si ya mpangaji bali ni ya Kampuni ya Maji na Maji Taka ya Nairobi.