Uzamifu wa mtandaoni: uliza kabla ya kulipa

Shemeji yangu, mwalimu hapa Kilifi, nusura atume akiba yake ya sacco kwa chuo cha ng'ambo kilichomuahidi uzamifu wa miezi sita. Jamani, hata diploma yangu ilichukua miaka miwili! Nikamwambia, ngoja kwanza. Chuo cha Kenya kitafute kwenye orodha ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Cha nje kiulizie kwao: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kwa mfano, kinatambuliwa na tume ya huko, TCU, na hufundisha kwa masafa hadi uzamifu. Kisha dai ada yote kwa maandishi, pamoja na ya kusahihisha tasnifu. Shemeji alipouliza msimamizi wake wa utafiti atakuwa nani, wakakata simu.